Milango ya Bwana Onodera

Vijana wa orofa ya kumi na nne, siku ile mliponikatia keki mliniuliza swali nisilijibu: ati ni kweli Bi Zuhura ndiye aliyewafukuzisha kazi Wajapani? Nilicheka, nikaomba kipande kingine, kwa sababu jambo lile halisemeki na mtu mwenye krimu mdomoni. Sasa nimestaafu, wakati ninao, na binti yangu amenipa kompyuta yake ya zamani hapa kwake Karama, Dubai, ili nisimsumbue kwa maneno akirudi kazini. Basi nitaandika. Vyeo sitavitaja, maana vyangu vilikuwa vya jina tu. Mshahara nao sitautaja, mnaujua, ni huohuo wenu.

Nilikuja Dubai kutoka Mombasa nikiwa fundi. Miaka mingi nilitengeneza redio, deki za video, na baadaye mashine za gemu katika duka la Mhindi mmoja kule Deira. Huko ndiko Kiarabu changu cha madrasa kilikokomaa kikawa Kiarabu cha kubishana. Kisha, miaka ya elfu mbili na kumi ilipoanza, kampuni kubwa ya mashine za gemu ikafungua ofisi Jumeirah Lake Towers, ikawa yatafuta watu wanaojua mashine na kusoma Kiarabu. Kazi yenyewe ni kucheza gemu kabla hazijauzwa na kuandika kila kasoro. Nilimpigia mama simu nikamweleza. Akanikumbusha kwamba kazi mbaya si mchezo mwema. Nikamwambia, mama, mchezo ndiyo kazi yenyewe. Akasema basi ataniombea Mungu anipe nyingine.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Bwana Varghese, Mhindi wa Kerala, mwembamba, mwenye masharubu na macho mekundu ya kutazama skrini. Alinipa pedi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, akaniambia nisukume kuta. Nikadhani ananitania mgeni. Hakunitania. Siku nzima nilimkokota askari mmoja wa kuchorwa nikimbandika ukutani, hatua kwa hatua, jengo kwa jengo. Alinieleza kwamba ndani ya gemu ukuta ni picha tu, hadi mtu aiambie mashine kuwa hapo hapapitiki, na palipo na mkono wa binadamu hapakosi pa kusahaulika. Kesho yake, nyuma ya zizi la farasi, askari wangu alipenya ukuta akaanguka kwenye weusi usio na mwisho. Niliruka kwa furaha. Varghese hakutabasamu. Aliniambia nirudie. Kasoro usiyoweza kuirudia, alisema, ni ndoto umeota.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika taarifa. Usiseme gemu ni ovyo. Sema nilisimama hapa, nikabonyeza hiki, nikaona hivi, nilitegemea vile. Atakayesoma yuko Japani, hakujui, hajali kama umekasirika. Alinifundisha pia kukata kucha, na kunawa mikono baada ya sambusa, kwa sababu mafuta ya sambusa yameua pedi nyingi kuliko hasira za wachezaji. Alikaa nami miaka michache, macho yakamchoka, akarudi kwao. Nikarithi kiti chake, na kiti chenyewe kilikuwa kimepinda upande mmoja kwa sababu yake. Mpaka leo mgongo wangu umepinda upande huo.

Bi Zuhura alikuja baada ya hapo. Wengi wenu hamkumkuta. Familia yake ni ya Unguja, lakini walihamia Dubai zamani, mji ukiwa mdogo, na yeye amezaliwa hapa. Kiarabu cha Ghuba ni chake kabisa, na Kiunguja ni chake vilevile, na hakuchoka kunisahihisha Kimvita changu kana kwamba nami ni kasoro ya kuandikiwa taarifa. Alikuwa hajawahi kushika pedi maishani. Nilimwambia Madam Hala, yule Mlebanoni aliyekuwa meneja wetu, kwamba huyu mama hataweza. Madam Hala akasema mtu asiyejua gemu ataona ambayo sisi tumeshazoea. Nikanung'unika. Wiki ile ile Zuhura akaniita nitazame skrini. Ili maandishi ya Kiarabu yasomeke kutoka kulia, mafundi walikuwa wamegeuza picha nzima kama kwenye kioo, na shujaa wa watu alikuwa anakula kwa mkono wa kushoto. Tulikuwa tumeicheza gemu ile mwezi mzima, Waislamu wanne, hakuna aliyeona. Tangu siku hiyo nikaacha kunung'unika.

Sasa nije kwa Bwana Onodera. Yeye alikuwa na studio yake Japani, watu wasiofika hamsini, wakitengeneza zile gemu ndefu za hadithi: unamchukua kijana mmoja kijijini kwao, unamtembeza nchi nzima, anapigana na majoka, anaongea na kila mtu mpaka na paka. Zamani zilikuwa zikinunuliwa kama mkate. Kisha watu wakaanza kupenda gemu za bunduki, mbili za Onodera zikaanguka, na maji yakaifika studio shingoni. Kampuni yetu ikamnyooshea mkono. Mkataba wao Madam Hala alitueleza wazi, ili mtu asije akachelewesha taarifa akidhani ni mzaha. Kampuni italipia gemu mpya, nayo itachezwa kwenye mashine yetu peke yake. Ikipita ukaguzi kwa tarehe waliyokubaliana, kampuni itainunua studio nzima na watu wote watabaki pamoja, chini ya paa lao. Tarehe ikipita, kampuni itachukua gemu, jina lake na wahusika wake, na watu si mzigo wake tena. Sisi wa Dubai tulikuwa na Kiarabu chote cha kukagua. Kwa hiyo maisha ya watu hao, kwa sehemu, yalipitia mezani petu.

Kalenda ilikuwa balaa. Ijumaa wao wako kazini, sisi tuko msikitini. Jumapili sisi tuko kazini, wao wamelala. Tukinywa chai ya asubuhi, wao wameshakula mchana. Ukiandika taarifa kivivu, ukasahau kusema ulibonyeza kitufe gani, swali lao linakukuta umeondoka na jibu lako linawakuta wameondoka, na siku tatu zimekwenda bure. Ndiyo maana nilikuwa nawakemea nyinyi kuhusu vitufe. Mlidhani ni uzee.

Kazi ilikwenda vizuri hadi nilipogundua Zuhura amebaki nyuma. Wenzake wako mji wa nne, yeye yuko kijijini kule kule mwanzo, na shujaa wake anauawa na nyoka wa kwanza kabisa, nyoka ambaye hata mtoto anampita. Nikaketi kando yake nitazame. Anafika mlangoni pa nyumba, anasimama. Anangoja. Anageuka, anakwenda zake. Nyumba ya pili vilevile. Basi kumbe dawa za kumponya shujaa, kwa desturi ya gemu hizi tangu zilipoanza, zimo makabatini mwa watu. Unaingia nyumba ya mtu usiyemjua, unafungua kabati, unachukua, mwenyewe amesimama palepale anakutazama, nawe unatoka. Sisi sote tulikuwa tukifanya hivyo bila kufikiri. Zuhura alikuwa hajaingia nyumba hata moja. Nikamwambia abonyeze tu, ataingia. Akabonyeza, akajikuta chumbani kwa mjane, miguuni pa kitanda, na akatupa pedi mezani kama imemuunguza.

Taarifa yake ilisema hivi: nilisimama mlangoni pa mjane, nikabonyeza kitufe, nikajikuta ndani karibu na kitanda chake, naye hakusema neno. Nilitegemea kupiga hodi na kukaribishwa. Nilimwambia hiyo si kasoro, gemu hizi ndivyo zilivyo. Akaniangalia kwa upole wake wa kutisha.

"Kaka Athmani, si wewe uliyenambia niandike nilichokiona na nilichotegemea? Mie nilitegemea hodi."

Nikaiweka katika fungu la mapendekezo, mahali ambapo taarifa huenda kufa, na nikaituma pamoja na nyingine. Nilitarajia wataisoma Japani, wacheke, waifunge.

Hawakuifunga. Siku chache baadaye Madam Hala akatuita akasema Onodera mwenyewe yuko njiani anakuja. Tukadhani tumemtukana. Alitua mwezi wa nane, joto la kumkausha mtu mate, na koti lake, na binti mmoja wa kumtafsiria. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye vidole vya mchoraji. Tulikuja kujua kwamba milango yote katika gemu zake, tangu ya kwanza, ameichora yeye mwenyewe, na hamwachii mtu. Aliketi mbele ya Zuhura akamwomba amweleze hodi. Zuhura akajaribu, kwa Kiingereza, binti akatafsiri, mzee akatikisa kichwa kwamba haelewi bado. Mwishowe Zuhura akakata shauri: twende nyumbani kwa mama, ataona kwa macho.

Tukapanda metro hadi Rashidiya, mwisho wa reli, tukachukua teksi. Nyumba ya mama yake ni ya kizamani, ya ukuta mrefu na geti la chuma. Zuhura alikuwa na ufunguo mkobani, niliuona. Hakuutoa. Alisimama nje na jua lote kichwani, akaita hodi. Kimya. Akaita tena. Kimya. Onodera jasho linamtiririka, akauliza kupitia binti yule, kwa nini haingii, si nyumba ya mama yake mzazi?

"Ndiyo maana napiga hodi," Zuhura akasema.

Akamweleza kwamba unaita mara tatu. Usipojibiwa unakwenda zako, hata ukijua mtu yumo, kwa sababu huenda anaswali, huenda amelia, huenda tu leo hataki mtu, na hiyo ni haki yake. Alipoita mara ya tatu sauti ya mama yake ikatoka ndani ikasema karibu, karibuni, nilikuwa kwenye mswala. Tukaingia tukapewa kahawa na halua. Onodera hakula. Alikuwa akiutazama mlango kwa ndani, upande wa mwenye nyumba.

Kesho yake ofisini alimwambia Madam Hala atabadilisha milango yote. Madam Hala nilimfahamu kwa ukali, lakini siku hiyo alizungumza taratibu, kama mtu anayemsihi mgonjwa anywe dawa.

"Sir, ukifanya hivi tarehe itapita. Na tarehe ikipita, sitaweza kuwalinda watu wako."

Binti akatafsiri. Mzee akajibu kwamba amechora milango miaka thelathini na hajawahi kuwaza kuwa nyuma yake kuna mtu. Sasa amejua, na hawezi kutoa gemu akijifanya hajui. Madam Hala akamuuliza kama watu wake wamekubali. Akasema ndiyo, aliwapigia simu ya video asubuhi, akawauliza wote pamoja, na wote wakainua mikono. Hapo nilimlaumu kimoyomoyo na bado namlaumu kidogo, Mungu anisamehe, maana nampenda. Nimeishi na mabosi vya kutosha kujua mikono inavyoinuka bosi akiuliza.

Lakini mlango wa kwanza ulipotufikia, nyinyi hamkuwapo, siwezi kuwaeleza vizuri. Kijana anafika kwa mjane, anabisha. Ndani kinasikika kiti kikiburuzwa, kisha sauti inauliza nani, na yeye anajitaja jina. Kila nyumba ilikuwa na namna yake. Mmoja anasema subiri, nakaanga samaki. Mwingine anafungua kidogo anachungulia. Mwingine hafungui kabisa, na siku ukirudi anakueleza kwa nini, na unajuta kuwa ulimkasirikia. Dawa za makabatini zilikwisha. Unakaribishwa, unaketi, mwenyewe anakupa. Zuhura alimpita yule nyoka, akapiga ukelele ofisi nzima ikageuka. Nimecheza gemu maisha yangu yote ya uzeeni, na hiyo ndiyo mara ya pekee niliyoona aibu kuingia nyumba ambayo haipo.

Kila wiki walituletea milango mingine, na kila wiki tarehe ilizidi kukaribia. Tulifanya tulichoweza. Tuliandika safi, hatukupoteza siku, nilighairi likizo yangu. Madam Hala aliandika makao makuu akaomba wiki chache tu za nyongeza, akawaelezea wanachokipata. Wakamjibu kwamba watatafakari. Tarehe ikafika gemu ikiwa haijakamilika, milango ya mji wa mwisho bado. Ikapita.

Uamuzi ulikuja Alhamisi mchana, watu wanafunga mikoba kwa wikendi. Madam Hala alifunga mlango wa kioo akatuambia akiwa amesimama. Kampuni inachukua gemu kama mkataba unavyosema. Wachache wa Onodera watabakizwa kwa muda waimalizie, halafu khalas, basi, studio inafungwa. Zuhura ndiye aliyelia, bila kujificha, akasema afutiwe taarifa yake, iondolewe, iwe kama hakuandika. Nilimwambia taarifa ya kweli haifutwi. Akanambia lau angenyamaza, watu wale wangekuwa na kazi. Hakukaa sana baada ya hapo. Alikwenda kufundisha Kiarabu shule moja huko Qusais, na tukikutana tunaulizana habari za watoto tu.

Basi hili ndilo jibu lenu, vijana, na naomba mlishike. Zuhura hakumfukuzisha mtu. Aliona kitu akakisema, na kusema ndiyo kazi tuliyoajiriwa. Tarehe ile haikuteremshwa kutoka mbinguni. Iliwekwa na watu, katika chumba chenye kiyoyozi, na watu walewale wangeweza kuisogeza kwa mstari mmoja wa barua pepe. Waliiona ile milango, wakajua ni mizuri, wakahesabu kwamba wataipata hata bila wenye kuitengeneza. Mwenye nguvu mpishe, wahenga wamesema, nasi tulipisha. Inaniuma.

Gemu ilitoka. Mliikuta, mnajua ilivyopokewa kwa shangwe. Siku ya uzinduzi kule Dubai Marina walisimamisha mlango mkubwa wa mbao katikati ya ukumbi wa hoteli, wageni wanabisha wanapigwa picha. Mkubwa mmoja aliyekuja kutoka makao makuu akapanda jukwaani akasifu ubunifu wetu. Wetu! Nilitazama chini. Madam Hala alikuwa kando yangu, akanigusa kiwiko akasema yalla, twende tukale. Tukatoka nje tusile.

Kisha ikaja gemu ya pili ya hadithi ile. Iliundwa na studio nyingine ya kampuni, nchi nyingine, vijana wasiomjua Onodera. Hiyo ndiyo mliyoifanya pamoja nami, na ndiyo kazi yangu ya mwisho. Nawaambia kweli, niliianza nikiiombea mabaya. Nilisukuma kuta zake kwa kisirani, nikitafuta itakapoanguka. Nilibisha kila mlango nikingoja kusikia sauti ya bandia. Vijana wale walikuwa wamekaa wakasoma kazi ya mzee neno kwa neno, mchoro kwa mchoro, na walikuwa na heshima. Kasoro tulizozikuta zilikuwa za kawaida.

Wiki ile gemu ilipotoka madukani, Onodera alinipigia simu. Hatukuwa tumezungumza tangu mambo yaharibike. Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka kidogo; siku hizi anaunda gemu ndogo za simu, za kupanga vitu vya rangi, kwa kampuni ya mtu mwingine. Watu wake wametawanyika, mmoja anauza nyumba, wawili walirudi kwao kulea wazazi. Alisema hajainunua ile ya pili, anaogopa. Aliniuliza swali moja tu: ni nzuri?

Nilikuwa nimeimaliza mara nyingi kuliko binadamu yeyote katika Ghuba nzima. Ningeweza kumwambia haina roho, akalala vizuri. Lakini angeinunua siku moja, angeona mwenyewe, na angejua nimemwonea huruma. Nikamwambia ni nzuri. Akauliza, na milango? Nikamwambia milango pia.



"Kumbe hawakutuhitaji," akasema, kisha akanishukuru.